Bibi wa Msimu wa Fomu

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi Januari inapoingia, katika nyumba za Waswahili waliohamia Marekani hufanyika baraza dogo lisilotangazwa. Kijana wa miaka 17 anaomba nafasi ya chuo kikuu. Ameshajaza jina lake, tarehe ya kuzaliwa na alama za mitihani. Kisha anafika penye safu ya visanduku anapoulizwa asili yake, na mkono unasita. Baba anaitwa, mama anaitwa, na mwishowe simu inapigwa Unguja au Mombasa kumwuliza mjomba. Mjomba hakosi jibu. "Tia vema pale penye faida," husema, "kwani wao watajuaje?"

Jibu hilo ni jepesi mdomoni na zito katika matokeo yake. Linastahili kukataliwa, na lenye haki ya kwanza ya kulikataa ni Pwani yenyewe, ambayo imekwisha kulionja mara nyingi.

Chukua mfano wa kijana ambaye babu yake mzaa baba ni wa ukoo uliotoka Oman, bibi yake mzaa baba ni mtu wa Makunduchi, na ukoo wa mama yake ni wa Wahindi wa Kutch waliokaa Mombasa vizazi vitatu. Pwani mchanganyiko huo haumshangazi mtu. Vichochoro vya Mji Mkongwe vimejaa watu wa namna yake. Marekani, kijana huyohuyo ni mtihani. Kwa kanuni ambazo serikali ya huko ilizitangaza mwaka 1997, watu wenye asili ya Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini waliwekwa pamoja katika kisanduku cha weupe; wa Bara Hindi wakawekwa katika kile cha Waasia; na wenye asili ya jamii nyeusi za Afrika wakawa na chao. Babu wa Kiomani, ambaye maisha yake yote hakupata kudhaniwa Mzungu na mtu yeyote, akawa mweupe kwa karatasi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2024 ziliongeza fungu la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, na kwa hizo babu akahamishwa tena, ilhali yeye kaburini hakujigeuza ubavu.

Ni kweli kwamba kanuni hizo za 1997 ziliruhusu jambo la maana: mtu kutia vema zaidi ya mahali pamoja. Sensa ya mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza kuwapa Wamarekani ruhusa hiyo. Waliojitaja kuwa na asili mbili au zaidi walikuwa kiasi cha milioni 9 mwaka 2010, na kufikia 2020 walikuwa milioni 33.8, yaani takriban mtu mmoja katika kila kumi. Idara ya sensa yenyewe ilieleza kwamba sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na namna mpya ya kuuliza na kupanga majibu. Msomaji na alizingatie hilo: watu hawakuzaliwa upya, swali ndilo lililobadilika, na watu wakaonekana wengine.

Turathi ya swali lenyewe si ya kuchezea. Mwaka 1924 jimbo la Virginia lilipitisha sheria iliyotaka rangi ya kila mtoto iandikwe, na iliyomtoa katika weupe karibu kila mwenye tone la damu isiyokuwa nyeupe. Watoto weusi walifungiwa milango ya shule, na haikuwa mpaka 1954 ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kuwatenga katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Visanduku vya leo vilirithiwa kutoka daftari la ubaguzi, kisha vikapewa kazi nyingine: kuhesabu ni nani bado yuko nje ya mlango. Hukumu ya 1978 ikavikataza vyuo kutenga idadi maalumu ya nafasi kwa rangi, lakini ikaviruhusu kuizingatia asili kuwa jambo moja miongoni mwa mengi.

Hapo ndipo mjomba alipopata duka. Katika baraza la familia, bibi wa Makunduchi, aliyekuwa hatajwi, akaitwa kutoka jikoni. Aliyekuwa hatajwi? Naam. Siku ya posa, wazee wanapokaa kusoma nasaba mbele ya wageni, huanza na babu wa Nizwa na kumalizia na babu wa Nizwa. Bibi hupitwa kama kizingiti. Msiba ukitokea, watu wa upande wake hukalishwa nyuma. Lakini msimu wa fomu ukiingia, yeye ndiye anayekalishwa mbele, na mjukuu ambaye hajui hata kaburi lake liko wapi anaapa kwa kalamu kwamba ni wake. Fungu lililowekwa kwa ajili ya waliofungiwa mlango likachukuliwa kwa jina la mwanamke aliyefungiwa mlango na watu wa nyumbani kwake.

Kisha, tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi zilizovihusu Chuo Kikuu cha Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, kwamba vyuo visimpe mwombaji nafasi kwa kuitazama rangi yake. Kisanduku kikabaki katika fomu nyingi, lakini mfumo wa pamoja wa maombi uitwao Common App ukaviwezesha vyuo kuficha majibu hayo machoni mwa wanaochagua. Mjomba alipopigiwa simu msimu uliofuata, shauri lilikuwa jingine: "Basi sasa ya nini? Acha wazi." Bibi akarudishwa jikoni.

Anayedhani kwamba tabia hii imezaliwa Marekani hakuisoma historia ya visiwa hivi. Katika hesabu ya watu ya 1924, maelfu kwa maelfu ya wakaazi wa Unguja na Pemba waliandikwa kuwa Waswahili. Katika hesabu ya 1931 jina hilo lilikuwa limebakiwa na wachache mno. Je, watu hao walikufa? Walihama? La hasha. Walibadilisha jina, kwa kuwa chini ya Mwingereza majina hayakuwa sawa: lipo lililompa mtu heshima, na lipo lililomteremsha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chakula kiligawiwa kwa taifa la mtu, na mchele ulielekezwa zaidi kwa walioandikwa Waarabu na Wahindi kuliko kwa walioandikwa Waafrika. Nani atamlaumu mwenye njaa aliyetafuta babu Mwarabu? Lakini kila aliyempata babu kwa sahani ya wali alimpoteza bibi kwa sahani hiyohiyo. Yalipokuja Mapinduzi ya Januari 1964 upepo ukageuka, na waliomficha bibi wakamtafuta mbio.

Karatasi ni tofauti, serikali ni tofauti, bahari ni tofauti. Bibi ni yuleyule. Hafutwi kwa chuki, bali kwa hesabu. Anatolewa anapolipa na kufichwa anapogharimu.

Watasema wengine kwamba kosa si la familia, ni la fomu, maana fomu haina mahali pa mtu wa Pwani. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Tazama nyumba ya Sayyid Said bin Sultan. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa Mhabeshi. Dada yake Salme, aliyezaliwa 1844 na baadaye akaandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, mama yake alikuwa Mcherkesi. Baba mmoja, nyumba moja, dini moja, na kwa desturi ya Pwani wote Waarabu. Fomu ya Marekani ingewapa ndugu hao visanduku mbalimbali na isingewaelewa. Lakini msomaji na aseme kweli: je, desturi ya Pwani iliwaelewa zaidi? Iliwapa wote jina la baba, ikawanyamazia mama. Fomu ya kigeni humkata mtu vipande. Nasaba ya kienyeji humfunika nusu. Hakuna kati ya hizo mbili yenye haki ya kuicheka nyingine.

Wengine, na hawa wana nia njema zaidi, hushauri kijana aache wazi kwa sababu mtu ni mtu. Kuacha wazi si dhambi. Swali ni la hiari, na asiyetaka kuhesabiwa ana haki yake. Lakini nia ipimwe. Anayeacha wazi kwa kuwa anaona ubinadamu hautoshi katika kisanduku, huyo ana hoja. Anayeacha wazi kwa kuwa amesikia kwamba jina fulani sasa halilipi, au kwamba jina fulani litamponza, huyo hana hoja, ana bei.

Watauliza tena: faida gani ya kutia vema mahali patatu, ikiwa mwisho wake ni kumwagwa katika fungu moja? Ni kweli pia. Kwa mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2007, vyuo vilitakiwa kufikia mwaka wa masomo 2010–2011 kuwaripoti wote wa namna hii, wasiokuwa na asili ya Kihispania, chini ya maneno "asili mbili au zaidi". Kijana hutaja watu watatu, chuo huripoti lundo moja. Lakini ufinyu wa kibaba si sababu ya mtu kupunguza mavuno yake. Fomu ikikosea kuhesabu, kosa ni la fomu. Kijana akikosea kusema, kosa ni lake, tena ataondoka nalo.

Njia basi ni moja, nayo haina ujanja: kijana atie vema kila mahali palipo kweli, na kipimo cha kweli kisiwe damu peke yake. Kipimo kiwe hiki: je, mtu huyu hutajwa nyumbani siku isiyokuwa na faida? Kama bibi wa Makunduchi husomewa hitima kwa jina lake, kama jamaa zake hualikwa harusini na kukalishwa mbele, mjukuu ana haki ya kumwandika popote, hata pasipolipwa senti. Kama sivyo, kazi ya kwanza haiko katika fomu. Iko katika simu ileile iliyopigwa Unguja, ambayo safari hii iulize swali jingine.

Na tahadhari moja imebaki. Hukumu ya 2023 haikumkataza mwombaji kueleza katika insha jinsi asili yake ilivyoyagusa maisha yake. Soko limehamia huko. Tayari wapo wanaowafundisha vijana kuandika machozi ya bibi kwa maneno 650, kana kwamba mateso yake ni ada ya kuingilia. Insha na iandikwe, kwani uandishi haujawahi kuwa adui wa kweli. Lakini aandikwe bibi aliyejulikana, na alichomwachia mjukuu wake: neno, dua, namna ya kutwanga, hasira, wimbo wa kubembelezea. Kama hakuna alichomwachia, kwa kuwa mjukuu hakuruhusiwa kumkaribia, basi hiyo ndiyo insha, na ikiandikwa kwa unyofu itawauma waliomzuia.

Wazee hupenda kuwatishia vijana hawa kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Husahau kulitazama neno lenyewe. Mtu ni mmoja, watu ni wengi. Kisanduku ni kimoja, visanduku ni vingi. Lakini asili ni asili, iwe moja, ziwe tatu. Kiswahili hakikuligawa neno hilo katika umoja na wingi. Kwa hiyo anayeishika moja na kuitupa nyingine ameacha asili vilevile, na methali inamhusu yeye kwanza, hata akiwa ndiye aliyeitamka.

Kabla ya kutia vema, kijana na aulize jina la bibi yake. Si kabila lake, jina lake. Wengi watagundua kwamba mjomba, mwenye jibu la kila fomu, hilo halijui.