Pesa mbele, majibu nyuma

Leo sina siasa. Nina chaja.

Wiki iliyopita chaja ya laptopu yangu iliungua nikiwa katikati ya habari niliyotakiwa kuituma kesho yake mchana. Muda wa kupanda daladala mpaka Kariakoo sikuwa nao, nikaingia Instagram. Nikapata ukurasa wenye picha safi na wafuasi kibao. Bei haikuandikwa, si mnajua kawaida yao: "njoo inboksi." Nikaenda. Majibu ndani ya dakika moja! "Karibu sana kaka." "Usijali kaka." Nikatuma picha ya chaja iliyoungua na aina ya laptopu, nikaambiwa ipo. Shilingi 45,000, na 5,000 ya bodaboda. Pesa kwanza, kwa simu.

Bodaboda akaja, akanipa boksi, akaondoka. Nafungua, ncha haiingii. Nene kuliko tundu.

Hapo ndipo "kaka" ilipokufa. Siku ya kwanza meseji zangu zilisomwa, hazikujibiwa. Siku ya pili nikapiga, dada mmoja akasema anamuuliza bosi. Siku ya tatu bosi mwenyewe akaandika: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nikauliza, sasa chaja isiyoingia niifanyie nini? Nikafungiwa. Habari nayo niliituma imechelewa, mhariri hakuitaka tena. Sisi tunaolipwa kwa kila habari inayotoka tunajua maana yake.

Sisemi wauzaji wote wa mtandaoni ni matapeli. Wengi ni vijana wenzetu ambao kodi ya fremu mjini hawaiwezi. Na sisi wateja tuna yetu. Mtu anaagiza kiatu, bodaboda anafika mtaani, anazima simu. Mafuta yale nani alipe? Ndiyo maana wanataka pesa mbele, na siwalaumu kwa hilo.

Lakini hebu tazameni duka la vifaa vya umeme pale Kariakoo. Ukinunua balbu, muuzaji anaichomeka mbele ya macho yako, inawaka, ndipo unalipa. Hakuna anayeona ametukanwa. Katika duka kama hilo, "mali ikishauzwa hairudishwi" ina mantiki yake, kwa sababu umeiona na imejaribiwa. Mtandaoni tumeyabeba maneno yale, balbu tukaiacha dukani.

Mtaniambia kuna sheria. Kweli zipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ilipitishwa mwaka 2015 na inagusa haki za mlaji. Kabla yake kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyotuletea Tume ya Ushindani, FCC. Tume hiyo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Lakini nani ataacha shughuli zake akafuatilie malalamiko kwa ajili ya 50,000? Muuzaji analijua hilo, na hesabu zake anazipiga humo humo.

Kwa hiyo nina pendekezo dogo. Mteja atangulize nauli ya bodaboda. Akizima simu, muuzaji hajala hasara ya mafuta. Mzigo ukifika, ufunguliwe pale pale mlangoni na kujaribiwa. Ukifaa, mali inalipwa. Usipofaa, bodaboda anarudi nao. Kila mtu amebeba hatari yake, na hakuna haja ya kumwita mtu kaka halafu umfungie.

Mimi ndiyo utaratibu wangu kuanzia sasa. Muuzaji asiyetaka, nitapanda daladala. Wewe mdau unaonaje?

Chaja bado ipo mezani kwangu. Mwenye laptopu ya tundu nene aje aichukue, bure. Aje nayo hiyo laptopu lakini, tujaribu kwanza.

Naomba kuwasilisha.