Madirisha ya Shule Yapimwe kwa Maji Kabla ya Kupokewa

Yeyote aliyepata kufunza Kitale au Bungoma anaijua mvua ya alasiri. Asubuhi jua huwaka kana kwamba hakuna litakalotokea. Ifikapo saa tisa wingu jeusi hushuka kutoka Mlima Elgon, upepo hutangulia, kisha mvua huja ikiwa imelala ubavu. Mvua ya namna hiyo haiishii kwenye bati. Hupiga dirisha.

Aprili moja nilikuwa katika shule iliyo kando ya barabara itokayo Kitale kuelekea Webuye, ndani ya darasa lililokabidhiwa Septemba ya mwaka uliotangulia. Mvua ilipoanza, wanafunzi waliinuka bila kuambiwa, wakavuta madawati hadi katikati. Maji yalichuruzika kutoka pembe za fremu, yakashuka ukutani na kulipita soketi la umeme. Nilimwuliza mwalimu iwapo mkandarasi ameambiwa. "Muda wake ulikwisha Machi, mwalimu," akanijibu. "Sisi tumezoea."

Neno hilo "tumezoea" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa kawaida mkandarasi hubaki na wajibu wa kurekebisha kasoro kwa miezi sita baada ya kukabidhi jengo, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa hadi muda huo upite. Sasa msomaji na ahesabu mwenyewe. Jengo likipokewa mwishoni mwa Septemba, miezi hiyo sita inameza kiangazi chote cha Desemba hadi Februari na kwisha Machi, mvua kubwa inapobisha hodi. Yamkini hakuna aliyekusudia hila. Kalenda peke yake inatosha kumwokoa fundi mbaya. Nayo haraka ya miaka hii imezidisha jambo hilo. Tangu sekondari ya chini ianze Januari 2023, na Gredi ya 10 ikafuata Januari 2026, madarasa yamekuwa yakijengwa ili yawahi ufunguzi wa muhula, yaani yakaguliwe wakati wa jua.

Chanzo cha uvujaji si siri. Madirisha yetu mengi ni ya vyuma vilivyochomelewa na mafundi wa jua kali, vioo vikishikiliwa kwa puti. Puti ikipakwa juu ya kutu au vumbi haishiki; ikikauka hupasuka. Aghalabu maji hupita hata pale kioo kilipo kizima, katikati ya fremu na ukuta, ambako lipu imenywea na kuacha ufa usioonekana. Kisha kutu huvimba ndani ya chuma, na kioo hupasuka bila kurushiwa jiwe. Mwanafunzi fulani hulipishwa.

Kuna ubaya mwingine ulio mkubwa zaidi. Dirisha likishavuja, shule hulitafutia dawa ya bei nafuu: huzibwa kwa rangi nzito au simiti, ama huchomelewa kabisa. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unataka madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuilia na yafunguke kwa nje kwa urahisi. Tukikumbuka wanafunzi 67 waliokufa katika moto wa Kyanguli mwaka 2001, hatuhitaji kuelezwa sababu. Kwa hiyo dirisha linalovuja leo ni dirisha lisilofunguka kesho.

Marekani mafundi wana kanuni ya kupima vioo visivyofunguka kwa mpira wa maji: mdomo wake huwekwa sentimita 30 hivi kutoka ukutani, ukapitishwa polepole kwa dakika 5 katika kila mita moja na nusu. Madirisha ya kufunguka hunyunyiziwa kwa fremu ya mabomba, huku hewa ikisukumwa kuiga upepo. Hatuna mitambo hiyo, wala sidhani twaihitaji ili kuanza. Tangi la shule na mpira wa bustani vyatosha, mradi utaratibu ufuatwe: kuanzia chini kwenye kizingiti, kisha pembeni, kisha juu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Anayeanza juu hulowesha kila kitu na hatajua maji yameingilia wapi. Walakini mpira hauna nguvu za upepo wa Elgon. Dirisha likifaulu bado si hakikisho, ila likishindwa hapana ubishi.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka kuwapo kamati ya ukaguzi na upokeaji. Mara nyingi kamati hiyo huhesabu madirisha, hufungua mlango, kisha hutia sahihi. Naomba walimu walio katika kamati hizo na katika bodi za shule wakatae kutia sahihi mpaka kila dirisha limwagiwe maji mbele ya mkandarasi mwenyewe na kasoro ziandikwe. Pia mkataba uandikwe kwamba wajibu wake hautakwisha kabla jengo halijapitia mvua za Aprili na Mei. Mkandarasi atalalamika kwamba fedha zake zimecheleweshwa. Na alalamike, mradi alalamike mwaka huu, angali na mafundi wake uwanjani na puti ikiwa bado mbichi.