UCHAMBUZI: Fiziotherapia si kukanda misuli

MGONJWA wa kiharusi anaporuhusiwa kuondoka hospitalini, jamaa zake hushukuru kwamba maisha yake yameokolewa. Wachache hutambua kwamba safari ya pili ndiyo kwanza imeanza: ile ya kumrejeshea uwezo wa kuketi, kusimama na kutembea.

Hapo ndipo umuhimu wa mtaalamu wa tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, hudhihirika. Hata hivyo, machoni pa Wakenya wengi mtaalamu huyu angali mkandaji tu, ambaye nafasi yake inaweza kuchukuliwa na yeyote mwenye mafuta na mikono yenye nguvu.

Dhana hiyo ni potovu na ina madhara. Kazi ya kwanza ya mtaalamu huyu si kukanda bali kupima: nguvu za misuli, kiasi ambacho kiungo kinaweza kukunjika na kunyooka, upumuaji na maumivu. Kutokana na vipimo hivyo, huweka malengo pamoja na mgonjwa, humchagulia mazoezi yafaayo, kisha humpima tena kubaini iwapo amepata nafuu.

Isitoshe, ni sharti ajue wakati wa kutogusa. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na kushindwa kuzuia mkojo ni ishara ya hatari inayohitaji daktari mara moja. Vilevile, mkono uliopooza ukivutwa ovyo, bega huweza kuumia na kumwachia mgonjwa mateso ya muda mrefu.

Majukumu yake hayaishii kwa kiharusi. Katika chumba cha wagonjwa mahututi, husaidia kuondoa makohozi mapafuni. Kwa walioungua moto, huzuia viungo kukakamaa. Watoto wenye mtindio wa ubongo nao humtegemea. Kazi hii huifanya pamoja na madaktari na wauguzi, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Bunge liliitambua taaluma hii kupitia sheria ya 2014 iliyobuni baraza la kuwasajili wataalamu hao, kuwapa leseni na kusimamia maadili yao. Lakini leseni haimfaidi mgonjwa asiyeweza kumfikia mwenye nayo.

Mgonjwa asiyeweza kupanda matatu hulazimika kukodi gari kila anapokwenda kliniki, mara kadhaa kwa wiki. Fedha zikiisha, mazoezi hukatizwa katika miezi ile ile ya kwanza ambapo mwili una nafasi kubwa zaidi ya kupata nafuu.

Serikali za kaunti, ambazo zimesimamia hospitali nyingi za umma tangu 2013, huenda zikajitetea kwamba bajeti haitoshi hata kununua dawa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau gharama nyingine. Mlezi wa familia akilala kitandani, mkewe au bintiye huacha kazi au masomo ili amuuguze. Hasara hiyo haionekani katika vitabu vya kaunti, ila ipo.

Suluhu si majumba mapya. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa rasmi 2023, wanaweza kufunzwa kuwatambua wagonjwa hawa vijijini, naye mtaalamu akapanga siku za kuwazuru katika zahanati zilizo karibu nao.

Umma nao una wajibu. Kabla ya kumkabidhi yeyote mwili wa mgonjwa, jamaa wana haki ya kumwomba aonyeshe leseni yake.