Sanaiya ilipata kinga kabla ya sindano

DIRISHA LA DOHA
Na Hamisi Mwakubo

Machi 2020, Qatar ilipofunga sehemu ya Eneo la Viwanda la Doha kwa sababu ya Covid-19, Sanaiya kama tunavyoliita, waliojikuta ndani walikuwa wafanyakazi: Wanepali, Wahindi, Wabangladeshi, na vijana wetu wa Afrika Mashariki. Vyumba vya vitanda vya ghorofa, jiko la pamoja, choo cha kupanga foleni.

Siku zile kila redio ilitaja herufi R: mgonjwa mmoja huambukiza watu wangapi kwa wastani. Wengi waliidhani kuwa sifa ya kirusi peke yake. Mimi nasema R huhesabiwa kwa vitanda pia. Kirusi kilekile kikiingia kwa mume na mkewe huko mtaa wa West Bay hapa Doha, kisha kikaingia chumba cha watu wanane, hakiwezi kutoa hesabu moja.

R ikiwa 3, wawili katika kila watatu wakishapata kinga, mgonjwa hubakiwa na mmoja tu wa kumwambukiza, na ugonjwa hauongezeki tena. Ikiwa 6, wanahitajika watano kati ya sita. Surua hutajiwa 12 hadi 18. Ndiyo maana kliniki hudai watoto 95 katika kila 100.

Watafiti walipopima damu katika jamii kumi za wafanyakazi hapa mwaka 2020, walikuta takriban thuluthi mbili wameshaambukizwa. Hali hiyo wakaiita kinga ya jamii. Vifo vilikuwa vichache kwa sababu wengi ni vijana, namshukuru Mungu. Lakini kinga hiyo ililipiwa kwa homa na vifua vya watu, kabla dozi ya kwanza haijachomwa nchini Desemba 23, 2020. Chanjo ingejenga ukuta uleule bila kumlaza mtu. Mwaka uliofuata Sanaiya ikapata kituo chenye uwezo wa dozi 25,000 kwa siku, na hilo nalisifu kwa moyo wote.

Rafiki yangu mlinzi alichanjwa mara mbili mapema 2021, na Agosti akaugua. Akaniambia, "Kaka, sindano ile ilikuwa maji." Nikamsomea utafiti wa Laith Abu-Raddad na wenzake wa chuo cha tiba cha Weill Cornell hapahapa Doha. Walilinganisha waliopimwa wakakutwa na kirusi na waliokutwa hawana: wangapi katika kila kundi walikuwa wamechanjwa? Kinga ya chanjo ya Pfizer dhidi ya maambukizi ilifika asilimia 77.5 mwezi wa kwanza baada ya dozi ya pili, ikashuka hadi karibu 20 kuanzia mwezi wa tano. Dhidi ya kulazwa na kufa, ilibaki imara kwa takriban miezi sita. Yeye aliugua siku tatu, akarudi kazini.

Habari hiyo ilipaswa kumfikia kambini, kwa Kiswahili, na pamoja nayo ahadi ya kupunguza vitanda. Alinyamaza, kisha akauliza kama na yeye alihesabiwa. Nikamwambia takwimu zilitoka kwenye kumbukumbu za vipimo na chanjo za nchi nzima, na pua yake imo humo.