Boksi la spika lisikugharimu masikio na mgongo

Juzi kijana mmoja dereva wa pikapu alifika kwangu hapa Kiamunyi akilalamika maumivu ya kiuno. Kazi yake ni kubeba mboga kutoka huku kwetu hadi Nairobi, mara tatu kwa wiki. "Shika hapo panapouma," nikamwambia. "Nilifika jana usiku, daktari," akanijibu. Niliporudia, aliinamisha kichwa kunielekezea sikio moja. Hapo nikatambua kwamba kiuno hakikuwa shida yake ya pekee.

Nilimwomba anionyeshe gari lake. Nyuma ya kiti, katika kabini ile ndogo, fundi alikuwa amemwekea boksi la woofa lenye ukubwa wa mitungi miwili ya maji ya lita 20. Ili lienee, kiti kilikuwa kimesukumwa mbele hadi magoti ya dereva yakakaribia kugusa dashibodi, na mgongo ukasimama wima kama wa mtu aliyekaa kwenye benchi la kanisa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiendesha zaidi ya saa tatu kwenda na zaidi ya tatu kurudi, besi ikimpiga mgongoni njia nzima. Magonjwa yake mawili yalitoka ndani ya boksi moja.

Ndugu msomaji, usidhani nataka kukukataza muziki. Dereva aliye peke yake barabarani anahitaji kitu cha kumchangamsha, ingawa asijidanganye kwamba kelele huondoa usingizi. Dawa ya usingizi ni kulala. Ninachosema ni kwamba wengi wetu huchagua boksi la spika kwa kuangalia ukubwa na bei, ilhali uamuzi huo unahusu afya kama vile kuchagua viatu au miwani.

Anza na aina ya boksi. Mafundi hutengeneza hasa aina mbili. Kuna lililozibwa kabisa, na kuna lenye tundu au bomba la kupitishia hewa. Lenye tundu hutoa mngurumo mkubwa zaidi kwa nguvu ile ile ya amplifaya, lakini huhitaji nafasi kubwa, aghalabu mara mbili ya lile lililozibwa. Woofa ya inchi 10 inaweza kutosheka na boksi lililozibwa lenye nafasi ya takriban lita 20 tu, yaani mtungi mmoja wa maji. Zipo pia woofa nyembamba zilizotengenezwa mahsusi kwa nafasi finyu, ambazo huridhika na boksi dogo zaidi.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kabini ndogo iliyofungwa madirisha huongeza yenyewe nguvu ya sauti nzito, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu kuliko kabini na hewa yote ya ndani husukumwa kwa pamoja. Kwa hiyo boksi linalofaa ukumbi wa harusi si la pikapu. Ndani ya pikapu, boksi dogo lililozibwa hutoa besi safi ya kumtosha dereva na abiria wake. Na besi ikitosha, hutahitaji kuzilazimisha spika ndogo za milangoni zipige kelele hadi zikoroge maneno.

Sasa masikio. Ndani kabisa ya kila sikio mna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa ya muda mrefu huziua, na katika binadamu seli hizo hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, zinazotuwezesha kutofautisha herufi kama "s", "f" na "sh". Ndiyo sababu mgonjwa wangu aliposikia "shika" alidhani ni "fika". Mtu wa namna hii husema anasikia vizuri ila watu siku hizi hawatamki vyema.

Kipimo ambacho wataalamu wengi hutumia ni desibeli 85 kwa muda usiozidi saa nane kwa siku. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Katika desibeli 94 umebakiwa na saa moja. Ukitoka Kiamunyi, fungu lako la siku litakwisha kabla hujafika Naivasha. Katika desibeli 100 una dakika 15, ambazo huenda zisitoshe hata kuvuka jiji la Nakuru. Ni kweli kwamba besi peke yake haidhuru sikio upesi kama sauti kali za juu. Lakini besi hufunika sauti nyingine, na anayeiongeza huishia kuongeza waimbaji na ala zote ili zisizame. Vilevile hufunika honi ya lori lililo nyuma yako.

Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini haziruhusu mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kabini ya pikapu ni mahali pa kazi kama kiwanda kingine chochote. Hata hivyo, sijapata kumwona mkaguzi akipima kelele ndani ya gari la mboga. Kwa maoni yangu, mwenye gari anayemwajiri dereva anapaswa kuliangalia jambo hili kama anavyoangalia breki, na dereva naye awe mkaguzi wa masikio yake. Njia ni rahisi. Fungulia muziki kama kawaida yako, kisha umwambie abiria azungumze nawe bila kupaza sauti. Usipomwelewa, punguza. Na ukishuka garini ukasikia mlio masikioni kama wa nyenje, hilo ni onyo.

Ukienda kwa fundi, basi, kaa kwanza kwenye kiti na ukirudishe pale unapokanyaga klachi hadi mwisho bila kujinyoosha wala kujikunja. Nafasi itakayobaki nyuma yako ndiyo ya boksi, si zaidi. Mwambie alichonge kwa mshazari lifuate mwinamo wa kiti, atumie ubao mzito wa milimita 18, na aache njia ya kutolea jeki. Kisha alifunge kwa bolti kwenye bodi ya gari. Gari likigonga kitu likienda kilomita 80 kwa saa, boksi lisilofungwa huendelea mbele kwa mwendo huo huo, na kilicho mbele yake ni kichwa chako. Waya wa umeme nao uwe na fyuzi karibu na betri, usije ukashika moto.

Kijana wangu alibadilisha boksi. Kiti kimerudi mahali pake na kiuno kimepoa hata bila vidonge. Nilimtuma pia akapimwe usikivu, na majibu yakathibitisha nilichohofia. Ule mlio anaosikia usiku bado upo, na sina dawa ya kumpa. Wazee wetu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wakimlaumu mkaidi, lakini kwa seli hizi maneno yao ni kweli hata kwa mtu msikivu. Kama unapanga kununua boksi mwisho wa mwezi huu, kapime kwanza nafasi iliyo nyuma ya kiti chako.