Lenzi Ndefu Haifiki Ufipa

Imezuka tabia miongoni mwa wapigapicha wasafirio, wageni na wananchi sawia, ya kuianza safari kwa kuhesabu vyombo. Mtu akikusudia kukaa miezi mitatu katika nchi ya mbali, swali lake la kwanza si watu gani atakaowakuta wala lugha gani waisemayo. Swali ni lenzi ya milimita ngapi itamtosha, achukue kamera ngapi, na je, droni itaingia katika mkoba mmoja na kompyuta? Majibu anayopewa ni ya wauzaji, hata yanapotoka kwa wasiouza: chukua vyote, kwani huwezi kujua. Hoja hii ni ya uvivu wa fikra, na uvivu huo hudhihirika Sumbawanga kuliko mahali pengi.

Ufipa ni uwanda wa juu ulio baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maziwa yote mawili yamelala chini yake kwa takriban mita 1,000. Ni nchi ya nyasi, upepo, na mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Miti ni michache, na baridi ya Juni na Julai humtesa aliyelelewa na joto la pwani. Jina la mji wenyewe hufasiriwa kuwa ni amri: tupa uchawi wako. Mgeni huambiwa mlangoni kwamba ipo mizigo isiyoingia, lakini wapigapicha, yaelekea, hawaulizi maana ya majina.

Mzigo wa kwanza wanaoung'ang'ania ni lenzi ndefu. Sababu yake inajulikana. Kwa miaka mingi Tanzania imeuzwa ulimwenguni kwa sura ya simba na tembo, na kila kitabu cha safari kinamwagiza msomaji asiondoke kwao bila ya milimita 400. Kwa Serengeti agizo hilo ni sahihi. Ni sahihi pia kwa mbuga ya Katavi iliyo kaskazini, na kwa ndege wa Ziwa Rukwa, na asiyekubali hayo anabisha tu. Lakini uwandani juu hakuna simba wa kuviziwa kutoka mbali. Kuna watu. Wafipa ni wakulima wanaozika nyasi chini ya matuta ya udongo ili zioze ziwe mbolea, kazi yenye majira yake kabla mvua hazijakatika, na anayetaka kuiona hana budi kuingia shambani na kukanyaga tope.

Mwenye lenzi ndefu hakanyagi tope. Husimama kando ya barabara, hatua hamsini au mia, akauchuma uso wa bibi aliyeinama na jembe, kisha akaingia garini. Hakuamkia wala hakuamkiwa. Katika nchi ambayo mtu hupita mbele ya mwenziwe kwa salamu, na salamu haikatizwi kwa pupa, huo ni utovu wa adabu ambao hakuna ubora wa kioo unaoweza kuufidia. Picha yenyewe inausema: uso umeelea peke yake, nyuma yake ukungu mtupu, hakuna tuta, hakuna kijiji, hakuna jirani. Wanaousifu ukungu huo kuwa ndio sanaa wanasifia kufutwa kwa Ufipa katika picha ya Ufipa.

Historia ya jambo hili ina mzizi Unguja. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuja pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Naili, alipiga picha mjini Zanzibar ambazo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za mji huo. Siku hizo picha ilitengenezwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na dawa ilipaswa kuwa mbichi tangu kupakwa hata kusafishwa, kazi yote ikafanyika ndani ya hema la giza. Msafara ulipofika Zungomero, katika mkoa wa Morogoro wa leo, Speke aliirudisha kamera pwani. Aliona kwamba lau Grant angeendelea kujifungia katika kihema kile kwa joto lile, kingemuua. Grant akabaki na penseli na rangi za maji, na michoro yake ndiyo iliyofika Ulaya.

Wapenda vyombo husoma kisa hiki kama hadithi ya ufukara wa zana za kale. Kisomwe vizuri zaidi. Mchoraji hana njia ila kukaa. Atakaa mbele ya mtu nusu saa, nao watamzunguka, watamcheka, watamuuliza maswali, watamsahihisha. Zana iliyoondolewa ilimlazimisha mtu kuwako. Na pana jambo la pili ambalo wasimulizi hulipita haraka: sanduku la vioo na dawa lilikuwa juu ya bega la mpagazi, si la Grant. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo bega ni la kijana wa kijiji aliyekodiwa kwa siku, mwenye kubeba mikoba mitatu kupanda milima ya Mbizi, ilhali mwenye mikoba hajalijua jina lake.

Msomaji wa ushairi hahitaji kuelezwa sana hapa. Mtunzi wa tarbia ana mizani kumi na sita katika mshororo na vina viwili vya kuchunga. Hajapata kusikika mtunzi wa maana akilalamika kwamba angekuwa na mizani thelathini angesema kweli zaidi. Ufinyu wa mizani humfanya alitafute neno, na neno humfanya aitafute maana. Lenzi moja fupi, ya milimita 35 tuseme, ni mizani ya mpigapicha: akitaka uso uwe mkubwa sharti asogee, na akisogea sharti aseme neno.

Watakuja na hoja ya Mohamed Amin, na ni hoja nzito. Mkenya huyo, aliyeanzisha kampuni yake ya picha Dar es Salaam mwaka 1963, alibeba mitambo mizito maisha yake yote, na picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Hata alipopoteza mkono wake Addis Ababa mwaka 1991 hakuiacha kazi. Nani atasema vyombo havina kazi? Hakuna asemaye hivyo. Amin alikuwa mtu wa habari, aliyepaswa kufika leo na kuondoka kesho, na kila chombo alichobeba kilikuwa na kazi aliyoijua kabla ya kuondoka. Anayekaa Ufipa miezi mitatu hana udhuru wa haraka.

Basi abebe nini? Kamera mbili za aina moja, maana moja ikiharibika fundi yuko mbali; lenzi mbili fupi, kila moja ikae katika kamera yake isibadilishwe njiani. Barabara kuu ya kutoka Tunduma imepata lami katika miaka ya 2010, lakini ziendazo vijijini ni za vumbi, na wakati wa kiangazi vumbi hilo huingia ndani ya kamera mara tu lenzi inapofunguliwa. Abebe betri za akiba, kadi za kumbukumbu, na kitegemeo cha miguu mitatu. Akiteremka asubuhi kutoka baridi ya uwandani hadi joto la bonde la Rukwa, asiitoe kamera mkobani upesi, kwani vioo vitashika umande. Droni iachwe: inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na inaonesha paa za watu ambao mpigapicha hajapita mlangoni mwao.

Kitegemeo hicho kina kazi moja kubwa. Ufipa ndiko yaliko malungu, tanuri za udongo za kuyeyushia chuma, ndefu kupita kimo cha mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila ya mivukuto. Chuma chake kilisafishwa baadaye katika tanuri ndogo. R. C. Greig aliiandika kazi hiyo mwaka 1937, na Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akazichunguza tanuri hizo katika miaka ya 1990. Moto wake umezimika siku nyingi, na mvua za kila mwaka zinaula udongo wake. Hapa pana kazi ya mpigapicha isiyongoja: kulizunguka kila lungu lililosimama, kulipiga pande zote kwa mwanga wa asubuhi, na kumuuliza mzee wa kijiji kila sehemu inaitwaje. Kazi hiyo haihitaji milimita 400. Inahitaji daftari na mtu wa kukaa naye. Lakini wageni hupita kando ya malungu wakikimbilia maporomoko ya Kalambo.

Na hapo ndipo fedha za vyombo zinapopaswa kuulizwa. Picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha nchini tangu 1906, leo zinahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani, mbali na wajukuu wa waliopigwa. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilifuata njia nyingine: aliyepigwa picha aliondoka nayo, ikatundikwa ukutani kwake. Bei ya lenzi moja ya milimita 400 ya daraja la juu inatosha kuzichapisha picha za vijiji kadhaa vya Nkasi na Kalambo, na nauli ya kuzirudisha kwa wenyewe ikabaki.