Programu Inayosoma Faili Haitoshi Kuwa Sheria

Imani imeenea miongoni mwa waandishi wa programu kwamba faili la mipangilio ya kifurushi halihitaji sarufi rasmi. Kuna nini humo, wanauliza, zaidi ya jina, toleo na orodha ya vifurushi vinavyotegemewa? Toa mifano michache, programu ya kulisoma ipo, yatosha. Haitoshi hata kidogo, na wanaoumia ni wengine kabisa.

Tazama Python. Kwa miaka mingi mipangilio mingi iliandikwa kwa mtindo wa INI na kusomwa na moduli ya configparser. Mwaka 2016, waandishi wa pendekezo la PEP 518 waliukataa mtindo huo na kueleza sababu: hapakuwa na maandishi rasmi ya kile ambacho moduli hiyo inakubali, na iliyokuja na Python 2.7 haikukubali mambo yale yale na ya Python 3. Wakachagua TOML, ambayo leo sarufi yake imeandikwa kwa ABNF, wazi kwa kila mtu.

Pasipo sarufi, programu moja inageuka sheria, na hitilafu zake nazo zinageuka sheria. Koma iliyobaki mwishoni mwa orodha ni kosa au ruhusa? Itakubidi uchimbue msimbo wa mtu mwingine, na toleo lijalo laweza kulitangua jibu ulilopata. Anayetengeneza chombo cha kukagua usalama anabaki kukisia. Kikisoma faili tofauti na kisakinishi, chombo hicho kitapitisha kifurushi ambacho sicho kinachosakinishwa. Hilo linanitia hofu kuliko yote.

Wapo wanaonitajia YAML: ina maelezo rasmi marefu, lakini ukiandika toleo 3.10 bila alama za nukuu linasomwa kama nambari 3.1, na chini ya kanuni za toleo la YAML 1.1, NO, kifupi cha Norwei, kilisomwa kuwa hapana. Kweli. Ila kanuni ya NO ilikuwa imeandikwa, watu wakaiona, na toleo 1.2 la mwaka 2009 likaiondoa. Kosa lililofichika ndani ya msimbo halina wa kulisahihisha.

Elimu hii si ngeni. Ripoti ya ALGOL 60 iliieleza sintaksia ya lugha kamili ya programu kwa kanuni rasmi tangu 1960. Basi wewe unayebuni muundo wa faili, andika sarufi kwanza, ichapishe, na kila toleo la programu yako lipimwe kwayo.